Mgeni Asiyekubali Kahawa

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, nimelalia cherehani kwa fundi wangu pale Muleba, naota migomba imejipanga mstari inateremka Kemondo kuoga ziwani. Ndoto ilikuwa tamu, sikutaka kutoka. Fundi akanigusa bega. Alikuwa ameshika shati la shule nililolishona, na mkono mmoja nilikuwa nimeupachika shingoni.

"Haya binti, mtoto wa watu atapitisha wapi kichwa?"

Wenzangu wakacheka, nikacheka nao. Kisha akaniambia niende nyumbani, nirudi siku nitakayokuwa macho. Hapo sikucheka tena, maana kushona ndiyo ndoto yangu ya mchana.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sijazaa. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Wala mimi si mzee. Ila kwenye vidonge vya kifafa nimekutangulia, na aliyetangulia ndiye anayejua tope lilipo.

Siku zile vidonge vilikuwa vipya kwangu. Kuanguka kulikoma, lakini ukaja usingizi mzito, kama ukungu wa ziwani unaoingia mgombani bila hodi. Shangazi akasema niviache. Bibi akakataa, yeye alikuwa na emwani, zile kahawa kavu za kutafuna tunazompa mgeni. Kila asubuhi alinitilia kiganjani.

"Tafuna, mjukuu wangu. Usingizi ni mgeni tu. Akishapewa kahawa ataaga."

Mgeni yule hakuaga. Moyo ulidunda, usiku nikawa nakesha natazama bati, mchana nasinzia vilevile. Siku moja kifafa kikaniangusha tena, jikoni, karibu kabisa na mafiga. Bibi ndiye aliyenivuta.

Alivaa kitenge chake cha Jumapili, akanipeleka kliniki. Daktari akauliza kama dawa inanisumbua. Nikaona aibu, nikasema hapana. Bibi akagonga fimbo sakafuni.

"Mwongo huyu. Analala kama chatu aliyemeza mbuzi. Na kahawa nampa mimi, basi na mimi nitibu."

Daktari akacheka, halafu akatueleza kwa upole kwamba kukosa usingizi usiku kunaweza kukiita kifafa. Akapanga upya vidonge vyangu na saa za kuvimeza. Njiani Bibi alinishika mkono.

"Mimi nimekosea kwa kukupenda, wewe umekosea kwa kunyamaza. Mgeni usiyemtaja, nani atakusaidia kumsindikiza?"

Ukungu uliondoka pole pole, na fundi akanipokea. Gauni lako la komunyo nimelishona mimi. Angalia, mikono yote iko mahali pake.

Basi sikia, mwanangu. Ukisinzia, ukiona kizunguzungu, tumbo likichafuka, sema. Mficha maradhi kilio humfichua. Ukitoka upele, ukipata homa na vidonda mdomoni, au moyo ukiwa mzito hata usitamani kuishi, usingoje kesho: siku hiyohiyo mwambie mama yako, mwende kliniki. Vidonge usiviache kwa siri, wala kwa neno la shangazi, hata akisema kwa mapenzi. Ukivikatiza ghafla, kifafa hurudi na hasira. Anayevibadilisha ni daktari. Na emwani waachie wageni.

Mungu akulaze usiku mzima, akuamshe mwepesi, na ndoto zako za mchana uziote macho wazi.