Agwara ya Rashidi

Siku yangu ya kwanza kufundisha muziki, mwaka 1971, Mkuu wa chuo cha ualimu pale Arua alinikabidhi kitabu cha nadharia. "Kitabu iko hii tu, Mwalimu. Ikipotea, somo imekufa."

Nilikitunza kama yai. Baadaye vitabu vya ng'ambo vikakoma kuja, nami nikahamishiwa chuo cha Koboko. Kufungua sanduku, nakuta mchwa wamekula sura nzima ya alama za kimya, zile zinazomwambia mpigaji anyamaze kwa mapigo mangapi. Mchwa hawana adabu. Wangeanza na dibaji.

Nilihuzunika sana. Kisha nikakumbuka agwara za kwetu Logiri. Agwara ni baragumu, na kila moja hutoa sauti moja tu, kwa hiyo wimbo unahitaji kundi zima. Zamu yako ikifika unapuliza, isipofika unahesabu kimya chako. Nikampa kila mwanafunzi agwara yake, na noti yake nikaichora ubaoni. Niliwafundisha pia desturi ya kundi la baba yangu: agwara ya mtu aliye hai haipulizwi na mwingine. Ile nene kuliko zote nilimpa Rashidi, kijana wa Kinubi, mpole, asiyekosea hesabu.

Mapema 1979, habari za vita zikiwa zimeenea, Mkaguzi wa Elimu alikuja kuamua kama muziki ubaki chuoni au ufutwe. Asubuhi ile Rashidi hakuonekana. Familia yake ilikuwa imekimbia vita, ikavukia Sudan. Kwa hofu nikamwambia Drani, mwenzake, aishike agwara ile.

"Hapana, Mwalimu," alisema Drani. "Mwenyewe iko hai. Wewe ndiyo ulitufundisha."

Wakapuliza hivyo hivyo. Kila noti ya Rashidi ilipofika, wote walinyamaza, wakahesabu, wakaendelea pamoja.

"Pale katikati iko makosa?" aliuliza Mkaguzi.

"Hapana, Bwana Mkaguzi," alijibu Drani. "Ile nafasi ya Rashidi. Tunamuhesabia."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta. "Kimya wanajua," aliniambia. "Somo ibaki." Nililia mbele yao.

Miezi michache baadaye vita vilitutawanya sote.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana huniuliza nilipata wapi vifaa vya kufundishia nadharia. Nawaambia, kitabu kizuri mkikipata kitunzeni, lakini chungulieni kwanza nyumbani kwenu. Ile agwara nene ninayo, imetundikwa ukutani. Wajukuu wakiinyooshea mikono nawakataza. Mwenyewe yuko hai, sijasikia vingine.