Hori la Asiye na Zamu

Siku moja ya kiangazi haijanitoka moyoni mpaka leo, Barisa mwanangu, na tangu juzi uliponieleza yaliyotokea kule mnakochajia pikipiki, imenirudia kama ya jana. Kaa hapa. Chai iko kwenye chupa. Na hiyo pikipiki yako ya stima iegeshe mbali na kuku, maana haina sauti na kuku wangu hawajaizoea. Yule mtetea mwekundu hakusikia kitu. Sikulaumu, lakini nilimpenda sana.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, babu yako ameshanichumbia. Mvua ilikuwa imegoma. Hatukuwa tumeteremka mtoni bado, tulitegemea visima vya kule nyikani. Kisima chetu kilikuwa kirefu, vijana wakisimama ndani mmoja juu ya mwingine na kupokezana ndoo, nasi wasichana tukizipokea juu na kumimina kwenye mahori ya udongo. Ng'ombe wa kila nyumba walikuwa na zamu yao, na baba yangu ndiye aliyekuwa mzee wa zamu. Hakuwa tajiri wala hakuwa mkali. Alikuwa na masikio tu, ya kuwasikiliza watu wakigombana mpaka wachoke wenyewe.

Pembeni palikuwa na hori dogo ambalo halikuwa la mtu. Kila asubuhi lilijazwa kwanza, kisha likaachwa. Ng'ombe wakilielekea tunawafukuza. Mimi niliona ni upuuzi mtupu, maji yakae yanakaushwa na jua na huku ndama wetu wanalia. Nilinung'unika, ila kimoyomoyo, kwa sababu baba alikuwa karibu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya amu yangu Dida, mdogo wake baba. Ng'ombe wake walikuwa wamekonda hata kuwatazama ni huzuni. Zamu yake ilipochelewa, akawaachilia ndama wake kwenye lile hori dogo, wakalimaliza lote. Sote tuliona, tukaendelea kupokea ndoo. Jua lilipokuwa la utosi, akatokea mwanamke tusiyemjua, mtoto mgongoni, na mbuzi wachache nyuma yake wanaojikokota. Alikwenda moja kwa moja kwenye hori lile, maana kila mtu wa nyika alijua huwa lipo. Akakuta tope. Alisimama tu akilitazama, na yule mtoto mgongoni hata kulia alikuwa ameacha.

Baba akasogea.

"Dida, hori hili ni la nani?"

"Kaka, ndama wangu wanakufa."

"Najua. Nimekuuliza ni la nani."

"La asiye na zamu," amu akasema, macho chini.

"Nani aliamua hivyo?"

Baba akajijibu mwenyewe kwa sauti ya chini, kwa sababu hakutaka kumwaibisha: "Tuliamua sote. Mvua ilikuwa inanyesha, ng'ombe wetu wameshiba, na wewe ndiye uliyesema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko watu wote."

Basi amu yangu, mwanangu, aliinama akaichukua ndoo iliyokuwa yake kwa zamu, akamimina kwenye lile hori dogo. Kisha akaongeza nyingine. Sijui kama ni hasira au ni aibu iliyomsukuma. Yule mama akampa mtoto maji kwanza, akawaacha mbuzi wanywe, yeye akanywa mwisho. Niliingia nyuma ya mti wa miiba nikalia, maana nilikumbuka nilivyokuwa nikinung'unika.

Jioni nilimuuliza baba kwa nini wazee hukutana kuzungumza zamu wakati wa mvua, wakati hakuna anayejali kisima. Akaniambia, "Mtu ambaye ng'ombe wake wana kiu hasikii. Nikisubiri kiangazi ndipo niwaulize nani atangulie, kila mmoja atasema ni yeye, na wala hatakuwa anadanganya. Ndiyo maana nawaita wakiwa wameshiba."

Sasa turudi kwako. Juzi ulikuja hapa umevimba, ukaniambia watu wa Golbanti wanataka kuwaingilia steji yenu ya bodaboda. Nikakusikiliza. Ukanieleza Komora, yule bodaboda wa Golbanti, alivyofika pale dukani Garsen mnapochajia, betri yake imekwisha, na amepigiwa simu kwamba kuna mama kule kwao ameshikwa na uchungu. Akaomba soketi moja, apate chaji ya kumfikisha tu. Mkamwambia soketi ni za wanachama wa steji. Nikakuuliza betri yako ilikuwa imebakisha kiasi gani kujaa, ukaangalia pembeni, ukasema, "Kidogo tu, Bibi." Mpaka Komora alipoazima pikipiki ya petroli, yule mama alikuwa ameshajifungulia kando ya njia, wanawake wamemzungushia leso zao. Mungu ni mwema, mama na mtoto ni wazima. Lakini ulipolala hapa usiku ule hukupata usingizi, nilikusikia unavyojigeuzageuza.

Moyo wako si mbaya. Mimi nimekulea, naujua. Ulikuwa na kiu tu, na hakukuwa na neno lolote mlilokubaliana mapema la kukushika mkono.

Jumamosi mnakaa kikao kuhusu hicho kituo kipya cha kuchaji, na wewe ndiye mwenyekiti. Nakuomba ufanye kama baba yangu. Leo pikipiki za stima hapa Garsen bado ni chache, mnajuana majina, mnaweza kugawana huku mnacheka. Zitaongezeka. Magari ya stima nayo yatakuja, ya abiria na ya maofisi, kila moja likitafuta mahali pa kunywa. Siku hiyo hakuna atakayemsikia mwenzake. Semeni sasa nani anatangulia, na anayejaza betri ili aende kunywa chai asimzuie aliyeitwa na mgonjwa.

Waite wote, si steji yako peke yake. Waite Wapokomo wa Golbanti na watu wa Ndera, uwaite na wa Kau ambao wakishuka kwenye mtumbwi ndipo wanahitaji pikipiki. Waite na akina mama wa maziwa, maana maziwa hayasubiri foleni. Asiyeitwa kwenye maneno atakuja kwenye ugomvi, na sisi wa mto huu tumeshaona ugomvi, mwanangu, sitaki kuuona tena machoni mwangu.

Na mahali penyewe. Nasikia mnataka pale bondeni nyuma ya steji kwa sababu nguzo ya stima iko karibu. Wewe umesahau? Mafuriko yaliyopita tulipita hapo hapo tukiwa kwenye mtumbwi, ukanishika mkono nisianguke. Pandeni juu kidogo, hata kama waya utakuwa mrefu. Wekeni paa la kivuli, hizo betri zisikae juani zikichemka. Stima ya hapa hupotea bila kuaga, kwa hiyo muwe na betri za akiba zilizojaa, au zile sahani za jua. Na betri zikifa zirudi kwa aliyezileta. Nikisikia moja imetupwa mtoni tunakokunywa sisi na ng'ombe, nitakuja mwenyewe na bakora yangu, mwenyekiti au si mwenyekiti.

Halafu muwe na soketi moja ya asiye na zamu. Najua utaniambia ikikaa tupu ni hasara. Ni hasara, ndiyo. Baba hakuwahi kusema si hasara. Maji yale yalikauka siku nyingi bila mtu kuja.

Mimi nimezeeka, Barisa. Siku yangu ya kukimbizwa hospitali haiko mbali, na sijui nitakaa nyuma ya nani. Pengine wewe utakuwa Hola na abiria wako. Pengine atakayenibeba ni huyo huyo Komora, na betri yake iwe inazima. Akifika pale na mimi mgongoni, sitaki aulizwe ni mwanachama wa wapi.

Kabla ya Jumamosi pita Golbanti umwone yule mtoto aliyezaliwa njiani. Beba kibuyu hiki cha maziwa, umpe mama yake, na umwambie yametoka kwako, usinitaje mimi. Ukimkuta Komora, mkaribishe kikaoni kwa mdomo wako, si kwa simu.

Haya, nenda, na upige honi ukipita kwenye kuku. Mungu akupe njia kavu na abiria wapole, akupe masikio ya baba yangu, azibariki mvua zetu na mto wetu. Na siku utakapofika mahali huna zamu, mjukuu wangu, ukute kuna mtu aliyekuwekea hori. Amina.