Mlango Niliouelekeza Barabarani

Jamani, hili naona aibu kulisema, ila bora mlisikie kwangu kuliko kwa shemeji zangu, maana wao wakilisimulia wanatia chumvi: mimi, fundi wa nyumba za chuma chepesi ninayejulikana Tunduma nzima (haya, mitaa mitatu), nilimjengea mama mkwe wangu nyumba ambayo ili aingie ilibidi aruke.

Goti lake lilikuwa limezikataa kabisa ngazi za nyumba ya zamani, ndiyo maana mke wangu akaniambia, "Baba Neema, mjengee mama nyumba ya kuingia bila kupanda hata kidato kimoja." Nikaahidi kifua mbele. Nikakata fremu za vyumba viwili na kuzitoboa karakanani kwangu, kila kipande na namba yake, nikapakia kwenye lori mpaka Itumba kwa mama mkwe, ambako shemeji yangu Ambakisye alishamwaga zege la msingi kwenye mteremko, upande wa jiko la nje ukiwa sawa na ardhi na upande wa barabarani ukiwa umenyanyuka mpaka kifuani kwa mtu mzima.

Sasa sifa zikanipanda kichwani. Mlango ulitakiwa uelekee jikoni, lakini nikajiuliza, kazi nzuri hivi waione kuku tu? Nikaugeuzia barabarani ili kila anayepita ashangae (ngazi nitaweka baadaye, nikajiambia, goti nimeshalisahau).

Mama mkwe aliliona kosa hilo tangu asubuhi, lakini ukweni kwangu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso wala hawasemeshani, kwa hiyo akasimama nyuma ya ukuta wa jiko akamsemesha kuku kwa sauti ya kufika sokoni: "Wewe kuku una mabawa. Mimi na goti langu hili nitaingiaje humo?" Nami najua fika kwamba ujumbe wa mkwe hupitia kwa kuku au mbuzi, ila mtu akilewa sifa masikio huziba, nikawaza tu, masikini mama, uzee huu! Akamsemesha tena na tena, na mimi huko juu na drili yangu napiga mluzi.

Alasiri fremu yote imesimama, watu wa kanisani wakaja kuiombea. Mchungaji akazunguka, akauliza, "Fundi, mama anaingilia wapi?"

Nikanyoosha mkono kwa madaha. Halafu Ambakisye akasema, "Shemeji, na parachuti umemletea?"

Walicheka mpaka mwanakwaya mmoja akakaa chini. Aliyekuwa hacheki ni mama tu. Niliona ncha ya kitenge chake pale pembeni ya jiko, anajifuta macho, na hapo aibu ikanishika kwelikweli, maana yeye ndiye niliyeahidi kumjengea.

Lakini jamani, chuma chepesi ni chuma chepesi! Bolti za kuishikiza kwenye msingi huwa nazifunga mwisho, kwa hiyo zilikuwa bado, na msingi ulikuwa wa mstatili: ukiigeuza nyumba nusu mzunguko, inakaa sawasawa. Nikasema, "Mchungaji, maombi yasubiri kidogo, naomba mabega." Watu thelathini wakaingia ndani ya fremu, kwaya ikaanzisha wimbo, nyumba nzima ikanyanyuka, ikazungushwa taratibu na kutuliwa palepale, mlango ukitazama jikoni, na hakuna hata skrubu moja iliyolegea. Hebu nitajieni nyumba ya tofali inayoweza hayo!

Nikajificha nyuma ya mibuni ili mama apite. Alitembea mwenyewe, hakushikwa mkono, akavuka kizingiti kana kwamba anavuka mstari uliochorwa chini, na vigelegele vikatokea ndani. Nililia, sioni haya kusema, na kifua kilinijaa kuliko siku yoyote ya kusifiwa Tunduma.

Tangu siku ile sifungi skrubu ya kwanza kabla mwenye nyumba hajatembea mbele yangu akanionyesha kwa miguu yake anapotaka kuingilia. Wapita njia watanisamehe.