Mama Mkasi na Homoni Zake

"Mkono huu haudanganyiki!" Mama Mkasi alitangaza siku ya kuaga mwaka, mbele ya mafundi wote na soda zao. "Nifungeni macho, nipeni kitambaa, nitawaambia uzito wake na nia ya aliyekiuza."

Walipiga makofi. Mtunza stoo naye alipiga, ila yake yalichelewa kidogo.

Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu ndiye aliyekata sare zote za shule pale kiwandani. Anatandaza kitambaa tabaka ishirini, anaweka pateni ya kadibodi, anachora kwa chaki, kisha mkasi unaingia. Mkasi ule hakuna mwingine aliyeugusa akabaki na amani. Halafu akatimiza miaka hamsini na mmoja, na joto likaanza. Lilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni bila hodi, akawa anajipepea kwa pateni ya kola.

"Homoni hizo, shangazi!" wakacheka mafundi wa cherehani.

Tangu hapo neno hilo likapata ajira ya kudumu. Akiuliza nani kaacha pasi kwenye umeme, homoni. Akikataa mshono uliopinda, homoni. Fundi wa zipu, kijana wa watu, alikuwa akikunjana mashati na wenzake kila timu yake ikifungwa; huyo waliambizana kwamba ana damu moto tu.

Wiki chache kabla shule hazijafunguliwa, yakaja majora mapya ya kaki. Mama Mkasi akapitisha kiganja, akasimama.

"Hiki siyo kile."

"Ni kilekile," mtunza stoo akadakia, bila hata kuuliza kile kipi. "Soma lebo, mama. Umri huo homoni zinakula mpaka vidole. Shemeji yangu alikuwa anatia chumvi kwenye chai."

Bosi akaitwa. Elimu yake yote ya homoni aliipata kwenye simu, akisubiri kunyolewa. Akatumia ile sauti ya kubembelezea wagonjwa: "Pumzika kidogo, mama. Kuanzia Jumatatu utakaa kwenye vifungo. Mkasi tutampa mwingine."

Vifungo! Jioni ile alijishuku mwenyewe. Akagusa shuka, akagusa pazia, akagusa shavu la mumewe.

"Limepungua?" mume akauliza kwa wasiwasi.

"Wewe ni yuleyule. Basi mkono ni mzima."

Na kama mkono ni mzima, yule bwana wa stoo alikuwa na haraka ya nini?

Ijumaa, wenzake walipokwenda kula, akatoa mabaki ya jora la zamani. Kwa pateni moja akakata mifuko kumi ya kaptula, kisha kumi mingine kutoka jora jipya. Akavuka barabara hadi kwa sonara.

"Dada, hapa tunapima dhahabu, siyo mifuko."

"Pima. Ukicheka nakushonea mdomo."

Ya zamani, gramu thelathini na mbili. Mipya, ishirini na tano. Sonara akaandika kwenye karatasi, akagonga muhuri.

Jumatatu asubuhi Mama Mkasi akaweka mafungu mawili na karatasi juu ya meza ya kukatia, mbele ya wote. Mtunza stoo alilowa jasho mpaka mgongoni. Akafoka, akapiga teke stuli, akatupa funguo ukutani, akajifungia chooni. Mama Mkasi akawatazama mafundi mmoja mmoja, akisubiri mtu ataje homoni. Hakuna aliyetaja.

Bosi hakuuliza ni majora mangapi. Hakuuliza nani aliyeyanunua. Aliikunja karatasi ya sonara, akaitia mfukoni mwake.

"Mkasi ni wako, mama. Haya mambo yaishie humuhumu ndani. Na zile homoni, nilikosea."

"Hukukosea. Joto ninalo, na kitambaa ni chepesi. Vyote viwili ni kweli."

Saa nane mchana bosi akarudi amekumbatia feni ya mezani. Hakuna aliyeiomba. Bwana huyu alikuwa amegoma kununua balbu tangu mwaka juzi, na leo anapangusa feni kwa leso yake mwenyewe, anaichomeka, anaielekeza kwa Mama Mkasi, huku mtunza stoo akiokota funguo zake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama Mkasi akaigeuza feni asome kibandiko cha bei, ajue mdomo wake umethaminiwa kiasi gani.

Shilingi elfu arobaini na mbili.