Baraza Mbili na Jua Moja

Hainitoki akilini, mwanangu, siku nilipobishana na jua nikashindwa. Cheka tu, ila nisikilize kwanza.

Nilikuwa fundi cherehani kijana, nimetoka Njombe na kufika Mtwara mwezi wa sita. Enzi zile za ujamaa mafundi tulikuwa na ushirika wetu Magomeni, mtaa wa hukohuko Mtwara, katika jengo refu lenye baraza mbili: moja inatazama kaskazini, nyingine kusini. Mimi nilipewa kaskazini, ambako jua lilishinda nasi kutwa. Kusini kulikuwa na kivuli kizuri, na huko waliketi wazee, akiwemo Mzee Chitanda, ambaye macho yake yalitoa machozi kila alipokutana na mwanga mkali.

Nikakitamani kivuli chao. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, walikuwa wamenipa ukatibu, nami nikautumia. Nikasimama kikaoni, nikahubiri usawa na maendeleo: vijana wenye kazi nyingi wakae kusini, wazee wahamie kaskazini, na kila mmoja abaki hapo daima. Wazee wakatazamana, wakaguna, kisha wakanyoosha mikono kukubali haraka ajabu. Nikadhani nimewashinda kwa hoja.

"Andika, kijana," Mzee Chitanda akasema. "Na hilo neno 'daima' usilisahau."

Miezi mitatu Mzee alishona amekunja uso, akijifuta macho kwa upindo wa shati. Nilimwona, nikajifanya simwoni. Hilo linaniuma mpaka leo, sikufichi.

Mwezi wa kumi nikaona mstari wa jua sakafuni, karibu na kanyagio la cherehani yangu. Nikasogea. Baada ya siku chache ukanifuata. Kufika mwezi wa kumi na moja, jua la asubuhi lilinipiga shavu la kushoto, la alasiri likanipiga la kulia, na chuma cha cherehani hakishikiki. Kule kaskazini wazee wameketi kivulini wanakunywa chai ya tangawizi! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na ulikuwa msimu wa korosho, watu wana fedha, harusi kila kona. Nilikuwa nashona gauni la bibi harusi wa mtaa wa Rahaleo, la satini nyeupe, linalotakiwa kesho yake. Jasho likanidondoka, likaacha doa kifuani pa gauni. Nguo ya binti wa watu! Nilitaka kulia.

Mzee Chitanda akaja. "Beba cherehani, uje kwetu."

"Mzee, muhtasari unasema..."

"Muhtasari uliuandika wewe. Jua halikuhudhuria kikao."

Baraza zote mbili zikaangua kicheko, nami nikacheka huku machozi yananilengalenga. Kisha akasema kwa upole: "Kila mwaka jua linahama baraza, nasi tunalikimbia, wenye macho mabovu wakitangulia kivulini, na wengine tukibanana humo kadiri nafasi inavyotosha. Wewe umelitazama jengo siku moja, ukaliandikia sheria."

Nikapiga goti, nikamwomba radhi. "Macho yamepoa," akanijibu. "Shona, bibi harusi anasubiri." Mkewe akalitoa lile doa kwa sabuni na maji ya ndimu, na gauni likaenda harusini bila dosari.

Tangu hapo natazama kuta za mji kama wengine wanavyosoma gazeti. Asubuhi mwanga unashuka ukutani polepole kutoka kwenye paa, ukipita kwenye matofali ya matundu unamwagika sakafuni kama shanga, na kufika jioni ukuta uliokuwa wa moto umepoa. Inanifurahisha sana, mwanangu, wala hailipiwi.

Basi shika hili. Ukiona umekaa kivulini, usidhani kivuli ni chako. Mtazame aliyeachwa juani, umpishe kabla hajakuomba. Usijitungie sheria ya kukunufaisha leo, wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na jambo ulilolitazama siku moja, litazame mwaka mzima kabla hujalisemea.

Mungu akujalie macho mazima na moyo wa kupisha, na siku jua litakapokugeukia, asikukoseshe jirani wa kukwambia, "Njoo, tubanane huku."