Grenda Isiyo na Waya

Enosi Mwandemele alikuwa fundi seremala pale Ibighi tangu kabla hajaoa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na njia moja tu ya kujikinga na mashine: kuchomoa waya ukutani. Randa ikitoa mlio asiouelewa, anachomoa. Akitaka kubadilisha kisu, anachomoa. Umeme ukikatika, na kwa mvua za Tukuyu haukosi kukatika, anachomoa kwanza, usije ukarudi mkono wake ukiwa mahali pabaya. Vidole vyake vyote vilikuwepo, jambo ambalo si kila seremala wa rika lake angeweza kulisema.

Kisha mwanawe Lusungu, dereva wa lori la Tunduma, akamletea drili na grenda ya kukatia chuma, zote za kutumia betri. Enosi akaigeuza grenda huku na huku, akitafuta mahali waya unapoingilia.

"Sasa hii inazimwa wapi?"

"Kwenye swichi hapo, baba. Ukiisukuma mbele inawaka na inabaki hapo hapo. Ukiirudisha inazima."

"Hiyo nimeiona. Nauliza inazimwa wapi kabisa."

Lusungu hakulielewa swali lile. Akacheka, akamwonyesha tena swichi, na asubuhi yake akaondoka na lori.

Mtu pekee pale nyumbani aliyezijua mashine za namna ile alikuwa Doreen, mke wa Lusungu. Alisomea ufundi chuoni, na sasa alifanya kazi kwenye karakana ya kiwanda cha chai. Lakini Doreen alikuwa mkwe, na Enosi alilelewa katika mila ya Kinyakyusa kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani. Vijana wengi wameshaiacha, na kanisani hakuna anayeidai. Enosi mwenyewe hakuwahi kuamua kama anaishika au ameiacha. Alijua tu kwamba akimwona Doreen anakuja, miguu yake inageuka yenyewe. Doreen naye alitoka Njombe, na mila ile aliikuta ukweni. Akisikia kikohozi cha baba alijibanza nyuma ya mlango wa jiko, asijue kama anaonyesha heshima au anachekesha watu.

Kwa hiyo maneno yote kati yao yalipita kwa Prisca, mke wa Enosi.

Siku ya kwanza Doreen alisikia grenda ikikata chuma, akatoka jikoni mbio. "Mama, mwambie baba avae miwani!"

Prisca akaingia ndani, akarudi na miwani ya Enosi ya kusomea Biblia. Enosi akaivaa. Chuma kikawa kikubwa na chenye ukungu, mstari alioupiga kwa chaki ukawa miwili. Cheche zikamrukia, na alipomaliza vioo vilikuwa na vidoa ambavyo havikufutika.

"Hivi huyu mtoto ananitakia mema kweli?" akauliza.

"Amesema miwani," Prisca akajibu. "Mimi nimeleta miwani."

Jioni Doreen akatuma maelezo marefu zaidi. Betri ikijaa itolewe kwenye chaja. Kazi ikiisha, au kabla ya kubadilisha diski, betri itolewe kwenye mashine. Prisca aliyasikiliza huku akigeuza ndizi chunguni, akayafikisha hivi: "Amesema ukimaliza kazi, betri uitoe kwenye chaja."

"Nikimaliza kazi betri haipo kwenye chaja. Ipo kwenye mashine."

"Basi itoe."

"Kwenye chaja?"

"Baba Lusungu, mimi sijui. Amesema itolewe."

Enosi alikaa na neno hilo siku kadhaa. Mwishowe akaamua kwamba maana yake ni betri isilale kwenye chaja. Na kama isilale kwenye chaja, ilale wapi kama si kwenye mashine yake, isije ikapotea? Tangu hapo kila betri iliyojaa aliichomeka kwenye grenda na kuiacha humo.

Wiki iliyofuata aliitwa Kisondela kwa Anyitike, mkulima wa parachichi aliyetaka geti jipya la mbao na chuma. Enosi akatia grenda, nyundo na bawaba kwenye mfuko wa salfeti wa mbolea, akapanda bodaboda ya Jackson, mfuko ameupakata mapajani. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na barabara ilikuwa tope tupu. Walipokuwa wakishuka mteremko, pikipiki ikaruka kwenye shimo, na ghafla ukatoka mlio mkali, mwembamba.

Jackson alidhani ni injini. Akapunguza mafuta, lakini mlio haukupungua.

Enosi aliuhisi kabla hajaujua. Mfuko ulimtetemekea mapajani, salfeti ikachanika, kisha kitu cha moto kikapita kwenye koti lake na kuingia kwenye suruali. Mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya maisha yake yote: ulikwenda kutafuta waya. Ukapapasa nyuma ya mfuko, ukapapasa pembeni, ukashika hewa.

"Zima!" Jackson akapiga kelele. "Mzee, zima!"

"Waya uko wapi?" Enosi naye akapiga kelele. "Waya uko wapi?"

Pikipiki ikayumba, ikalala kwenye matope ya ukingo wa barabara. Enosi akautupa mfuko kwenye migomba. Grenda ikaendelea kulia ndani ya majani, ikirukaruka kama kuku aliyechinjwa, mpaka diski ikajisokota kwenye salfeti na kunyamaza.

Wakasimama wakiitazama. Damu ilikuwa ikimtoka Enosi pajani, lakini haikuwa ikiruka.

"Nani ameiwasha?" akauliza.

"Mimi niko mbele, naendesha," Jackson akasema. "Wewe ndiye umeishika."

"Sijaigusa. Naapa sijaigusa."

Jackson akatazama nyuma, akatazama migombani, kisha akasema taratibu kwamba vitu vingine ni vya kuombewa. Enosi, mzee wa kanisa, akainamisha kichwa. Jackson akalifunga paja kwa shati lake na kumpeleka zahanati, ambako alishonwa.

Nyumbani, Doreen alisikiliza habari ile akiwa nyuma ya ukuta wa jiko. "Mama," akasema, "muulize baba betri ilikuwa wapi."

"Mwambie ilikuwa kwenye mashine," Enosi akajibu kutoka barazani, kabla Prisca hajafungua mdomo. "Si ndivyo alivyosema?"

Halafu sauti ya Doreen ikaja moja kwa moja, bila kupitia kwa Prisca. "Baba, samahani. Sikusema hivyo."

Enosi alitaka kunyanyuka aondoke, lakini mguu haukumruhusu. Akageuza kiti, akaupa ukuta mgongo.

"Sema," akasema.

"Nyundo imeisukuma swichi ndani ya mfuko. Kwenye mashine hii, baba, waya ni hiyo betri. Ukiitoa betri, umechomoa ukutani."

Enosi akalishika paja lake lililoshonwa. Neno lenyewe lilikuwa dogo mno. "Mbona hakuna aliyeniambia hivyo?"

"Nilikuambia uitoe!" Prisca akaja juu.

Jumapili Enosi alimweleza kaka yake, Jairo, kwamba ameongea na mkwe, akitaka kujua kama amekosea. Jairo akasema amekosea. Kisha akasema pengine hajakosea, maana hawakutazamana. Kisha akasema yeye hajui. Enosi akarudi nyumbani akiwa hajui zaidi ya alivyokwenda.

Paja lilipopona alirudi kwenye geti la Anyitike, safari hii alilikatia nyumbani. Doreen alikaa kando ya mbao zilizoegemezwa ukutani, amempa mgongo, akiisikiliza grenda. Alikuwa amemletea miwani mipana ya karakana, ambayo Prisca aliifikisha bila kukosea. Diski ikaisha. Enosi akachomoa betri, akaitia mfukoni mwa koti, akashika spana.

"Baba, isikae na misumari. Itashika moto."

Enosi akautazama mgongo wa mkwe wake, kisha akakumbuka na kutazama chini haraka.

"Umejuaje, na hujageuka?"

"Nimesikia misumari ikilia mfukoni."

Enosi akaitoa betri mfukoni, akaiweka kwenye ubao mkavu peke yake.