Ndizi za Harusi ya Shangazi

Juzi jikoni kwangu hapa Kibeta, binti yangu aliweka kisu chini akasema yeye kumenya ndizi hajui na hatajua. Nilicheka, rafiki yangu, maana maneno hayo nimeyabeba utoto mzima.

Nililelewa na bibi huko Muleba, nyumba imezungukwa na migomba na mibuni. Nyumbani waliniita Goigoi, na majirani wakazoea. Kisu changu kiliondoa ganda na nusu ya ndizi, utomvu ukaniganda hadi viwikoni, na kwetu msichana asiyejua kumenya aliaibisha ukoo. Harusi ya shangazi ilipokaribia, jirani yetu akasema waziwazi kwamba siku ya kumenya nitumwe kisimani, nisiwaharibie chakula cha wageni. Iliniuma sana.

Bibi hakubishana naye. Kila jioni alinikalisha jikoni juu ya nyasi kavu, akanipa ndizi moja. Nikisema hii mbaya, anauliza mbaya ndiyo nini, niseme ninachokiona. Basi nasema imepinda, ina doa, ganda gumu huku mwisho. Hapo anaridhika. Jioni moja nikajikata, nikalia kwamba kweli mimi ni goigoi.

"Goigoi sijamwona hapa, mwijukulu wangu," akasema. "Nimeona kisu kimelala mno. Wewe umeona nini?"

"Kidole gumba kinatetemeka, waitu," nikamjibu kwa heshima.

"Basi kiache kitulie, ndipo umenye."

Tuliendelea hivyo, kahawa ikichemka jikoni na moshi ukitutoa machozi, mimi nikisikiliza ganda linavyoachia. Taratibu nikasahau kujiita chochote.

Siku ya kumenya sikwenda kisimani. Niliketi katikati ya wanawake, nikatazama ndizi iliyo mkononi tu, kisha iliyofuata. Nilipoinua kichwa sufuria yangu ilikuwa imejaa, ndizi nzimanzima, laini, hata moja haijachongwa. Jirani yule akachukua moja, akaigeuzageuza, akauliza nani kaimenya. Bibi akajibu kwa sauti iliyowafikia hata wanaume waliokuwa wakikanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, uani.

"Ni huyu hapa. Ana jina la ubatizo. Mwiteni."

Wakaniita, mmoja baada ya mwingine, na nikaitika kila mara kwa furaha ambayo sijapata kuisahau.

Leo bibi hayupo. Jiko lake limebomolewa, na harusini tunakodi wapishi wenye majiko ya gesi. Hayo yote nayalilia. Lakini Goigoi alipotea siku ile, na hakuna aliyemtafuta.